Maji Yasijue Jina Lako

Nilipokuwa na miaka tisa, maji ya bwawa la Kilosa yalikuwa hayalijui jina langu. Yalinijua kama Chekeche. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka sita, yalimjua kama Kibuyu. Majina hayo tulipewa na bibi, mama yake mama, na yalikuwa na mipaka kama kiwanja: yalianza tunapoingia geti la bustani ya bwawani na yaliishia hapohapo getini tunapotoka. Nje ya hapo mimi nilikuwa Salma na yeye Idrisa, kama vyeti vyetu vya kuzaliwa vinavyosema.

Leo niko mwaka wa tatu chuoni, na kwenye mdahalo wenzangu wanasema nikisimama ni afadhali mtu akae. Silisemi hili kwa kujisifu. Nalisema kwa sababu katika habari hii mdomo wangu ndio uliokosa, mara mbili, na mara ya pili nilikuwa mtu mzima.

Nyumbani kwetu ni Mikumi. Mama ana mgahawa kando ya barabara kuu, pale madereva wa malori wanaposimama kula kabla ya kuingia hifadhini. Kila Idi alifunga mgahawa siku tatu akatupeleka Kilosa kwa bibi. Bibi amezaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge, kwa baba aliyeletwa kutoka kusini kuja kukata majani yale yenye miiba na ambaye hakurudi tena kwao. Shamba lilikufa zamani. Kilichobaki ni safu za nyumba ndefu za wafanyakazi, mkonge unaojiotea ovyo, na bwawa lililochimbwa ili kupata maji ya kusafishia nyuzi. Miaka mingi bwawa lilikuwa la kufulia nguo na kunyweshea ng'ombe. Kisha akatokea mtu mwenye akili ya biashara, akalikodi, akafyeka nyasi, akaweka bembea, viti vya plastiki na boti za kukanyaga kwa miguu zilizotengenezwa kama bata weupe wenye shingo ndefu. Akaajiri kijana wa muziki mwenye kipaza sauti. Ikawa ndiyo sehemu ya kupunga upepo. Idi pili, nusu ya mji ilikuwa pale na manukato yake.

Usiku wa kuamkia Idi pili bibi alinisuka, na huku akinisuka akanikumbusha sheria.

"Pale bwawani hakuna Salma wala Idrisa," alisema. "Maji yasijue jina lako."

"Yakilijua?"

"Yatakuita."

"Yakiniita?"

"Utaitika."

"Na nikiitika, bibi?"

Kitana kilisimama kichwani mwangu. "Geuka huku," akasema, akaendelea kusuka.

Sheria ilikuwa na sehemu ya pili, na hiyo aliirudia mpaka tukaweza kuisema pamoja naye kama sala. Ukisikia jina lako la kweli pale majini, hata kama sauti ni ya mama yako mzazi, usiende. Shika kitu kisichotikisika. Nyamaza. Subiri mpaka uitwe jina alilokupa bibi. Nilimuuliza kwa nini tupewe majina ya vyombo, nikaambiwa maji hayana haja na vyombo vya jikoni. Mimi nilikuwa Chekeche kwa sababu kila neno nililoambiwa nililichekecha kwanza kabla ya kulikubali. Idrisa alikuwa Kibuyu, na nilipouliza sababu yake, bibi alijibu kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi: kibuyu hakizami.

Idrisa aliamini yote. Alikuwa mtoto wa namna hiyo, mtoto unayemtuma mara moja tu. Mimi sikuamini hata nusu. Sisi watoto wa Mikumi tumezoea hofu yenye mkonga. Tembo ukiambiwa yupo, unatazama nje ya dirisha la basi na kweli yupo, anakula. Hiki kitu cha majini kisichoonekana na kisichotajwa hata umbo lake, mimi nilikiona ni cha kutunyima raha. Binamu zangu wa Kilosa walisema ni mwanamke mwenye nywele ndefu. Wengine walisema ni nyoka. Nilipomuuliza bibi ni yupi kati ya hao, alinitazama kama vile ndiyo kwanza anasikia habari zao.

Siku yenyewe tulienda kwa miguu, bibi mbele na sufuria la pilau kichwani. Aliingia geti, akatandika mkeka hatua chache tu kutoka pale, mbali kabisa na maji, akakaa akiwa ameyapa maji mgongo. Kila mwaka alikaa hivyo. Watu wote waliokuwa pale walikuwa wametazama bwawa, isipokuwa bibi yangu, aliyekuwa ametazama barabara ya vumbi na watu wanaolipa kiingilio. Mimi nililiona ni jambo la kizee tu, kama kutopenda soda baridi.

Mama alitupeleka kwenye bembea, akatuambia tusitoke hapo, akaenda kupanga foleni ya chipsi. Bembea zilikuwa karibu na gati la boti. Idrisa alipanda akiwa na kanzu yake mpya na ndala za bluu, akaanza kunihimiza nimsukume.

"Chekeche, nisukume. Chekeche, zaidi. Chekeche, hunisukumi vizuri."

Nyuma yetu walikuwepo wasichana wawili wakubwa kidogo kuliko mimi, wanangoja zamu. Mmoja akamgusa mwenzake.

"Eti Chekeche. Kwao wameishiwa majina?"

"Muulize mdogo wake anaitwa nani," mwenzake akasema. "Labda Kinu."

"Mimi Kibuyu," Idrisa akajibu kwa adabu zote, maana alifundishwa kuwajibu waliomzidi umri.

Walicheka mpaka wakashikana. Nilikuwa na gauni la marinda matatu, nimesukwa vizuri, na nilikuwa nimengoja siku ile tangu mwezi wa Ramadhani uanze. Nikasikia joto linapanda kutoka shingoni. Wanaonijua wanasema hata sasa linapanda hivyohivyo, na kwamba likifika masikioni, basi mtu ajiandae. Nilishika minyororo ya bembea nikaisimamisha.

"Mimi naitwa Salma," nilisema, kwa sauti iliyowafikia hadi wauza karanga. "Salma Athumani. Na wewe ni Idrisa. Idrisa Athumani. Na humu majini hakuna kitu."

Uso wa mdogo wangu sijausahau. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyeona dada yake ameacha mlango wazi na fisi wako nje. Aliziba masikio kwa viganja, akateremka kwenye bembea, akakimbia.

Nilidhani anakwenda kunishtaki kwa bibi. Nikasema moyoni, nenda. Nikakaa mimi kwenye bembea, wasichana wale wakanisukuma, na kwa muda ule mfupi nilikuwa Salma kamili, nimeshinda hoja yangu ya kwanza maishani, upepo unanipiga usoni.

Mama alirudi na sahani mbili za chipsi. "Mwenzako yuko wapi?"

Nikasema yuko kwa bibi. Mama akanyoosha shingo kuelekea getini, akamwona bibi peke yake mkekani, anapunga nzi kwenye pilau. Zile sahani aliziweka chini, kwenye nyasi, polepole mno.

Ndala moja ya bluu ilionekana pembeni mwa gati, ukingoni kabisa mwa maji. Alikuwa ameiacha alipokuwa anakimbia, lakini hilo tulikuja kulijua baadaye. Wakati ule ndala ile ilisema jambo moja tu. Mwanamume mmoja alivua shati. Mwingine akaruka na suruali yake ya Idi. Wenye boti wakaambiwa warudi haraka, na wale bata weupe wakaanza kurudi gatini kwa kugongana. Mama aliita. Sijawahi kusikia tena mtu akiita hivyo, na kila alipoita, jina lilikuwa lile lile, la kweli, limenyooka, linakwenda juu ya maji na kurudi. Kijana wa muziki akapunguza wimbo akashika kipaza sauti: mtoto Idrisa, mwenye kanzu nyeupe, popote ulipo, mama yako anakutafuta. Idrisa. Mtoto Idrisa. Watu wakalipokea jina. Wengine wakazunguka tuta la bwawa hadi upande wa pili, penye mkonge na kijumba cha pampu cha enzi za shamba, wakachungulia ndani na kuita humo. Halafu wakarudi wakitikisa vichwa.

Kitu kimoja kilinishangaza hata katika hofu ile. Mama aliwashika mikono wanawake waliokuwa karibu naye na kuwaambia, mmoja mmoja: "Mama yangu asiambiwe. Tafadhali. Asiambiwe kwanza." Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe usithubutu."

Kipaza sauti kiliporudia mara ya tatu au ya nne ndipo nilipoelewa. Hajazama. Anasubiri. Mahali fulani, mdogo wangu mwenye kutumwa mara moja ameshika kitu kisichotikisika, na kila mtu katika bustani hii anamwita kwa jina ambalo amefundishwa asiliitikie. Kadiri tunavyomwita, ndivyo anavyozidi kunyamaza. Na mtu aliyeanza kumwita ni mimi.

Nikaanza kukimbia ukingoni nikiita, "Kibuyu, Kibuyu." Sauti yangu ilimezwa na spika. Mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni alinishika bega akanigeuza. "We mtoto una akili? Mtoto wa watu amepotea, wewe unatafuta kibuyu?"

Nililia, na katika kulia nikaona kwamba kuna mtu mmoja tu anayeweza kuwanyamazisha watu wazima, na ni yule niliyekatazwa kumwambia. Kumwambia ni kukiri. Nilisimama pale labda kwa muda wa pumzi kumi. Zile pumzi kumi nimezibeba tangu hapo. Halafu nikakimbia kuelekea getini.

Bibi alikuwa bado anatazama barabara. Pale getini zilifika kelele tu, si maneno, na Idi pili haikosi kelele.

"Bibi, nimemwita jina."

Hakuuliza nimemwita nani. "Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na hizo kelele?"

"Wanamwita jina. Wote. Hata mama."

Alisimama bila kushika mkono wa mtu. Hakuvaa viatu. Alichukua khanga ya begani akajifunga kiunoni, akaniongoza mimi, yeye ambaye hakuwahi kufika hata gatini, akaenda moja kwa moja kama mtu anayerudi nyumba aliyoishi. Nyasi zilipoishia na tope kuanza, alisimama. Niliona vidole vya miguu yake vikijikunja. Kisha akakanyaga.

Alianzia kwa kijana wa kipaza sauti. "Mwanangu, zima hiyo."

Kijana, kwa adabu iliyomkaa kuliko woga, akasema shikamoo bibi. Bibi akaitika marahaba, akarudia palepale: zima.

"Bibi, tunamtafuta mtoto amepo..."

"Ndiyo maana nakwambia zima."

Muziki ukakatika, na mnong'ono ukapita kwa watu, na mama akageuka akamwona mama yake amesimama tope limefika vifundoni. Mama alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mimi nilidhani anaogopa kwa ajili ya Idrisa tu. Watu wakatulia, hata waliokuwa majini wakasimama walipo, maji vifuani. Bibi akaita, wala hakuinua sauti.

"Kibuyu."

Kimya.

"Kibuyu wangu. Ni mimi. Toka."

Ng'ambo, kwenye kijumba cha pampu, karibu na mahali palepale walipochungulia na kuita, kichwa kidogo kilitokeza. Kanzu ilikuwa na kutu kuanzia kifuani hadi magotini. Alikuwa amejibana nyuma ya bomba kuu la chuma na kulikumbatia muda wote ule. Kati yake na sisi palikuwa na maji tu, si mengi, upana wa kiwanja cha mpira wa watoto. Alimwona bibi, akainua mguu kushuka ukingoni.

"Usipite hapo," bibi alisema. "Zunguka. Fuata tuta, baba. Zunguka."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Idrisa akaurudisha mguu. Akaanza kutembea juu ya tuta, mguu mmoja una ndala, mwingine hauna, na bibi upande wetu akatembea naye, sambamba, mkono ameunyoosha mbele kiganja kikiwa chini kama mtu anayetuliza moto. Kila akisimama, bibi alisimama. Kila alipotazama maji, bibi alisema, zunguka. Mimi niliamini kwamba huo ni utaratibu wa dawa, kwamba mtu aliyeitwa na maji lazima arudishwe kwa kuzungushwa. Watu wengi waliokuwepo waliamini hivyohivyo.

Alipofika, alimtazama bibi kwa fahari kubwa.

"Bibi, yameniita sana. Na sauti ya mama yameiiga kabisa. Sikuitika."

"Umefanya vizuri, mume wangu," bibi akamwambia, akakaa chini pale topeni, na khanga yake nzuri ya Idi, akamvuta mapajani.

Nilingoja kuchapwa. Sikuchapwa. Jioni bibi alinipakulia pilau na finyango ileile kubwa ya kila mwaka, akaniambia neno moja juu ya jambo lile, na hakulirudia tena mpaka nilipokuwa mkubwa. "Wewe ndiye uliyekuja kuniambia."

Mji uligawanyika. Kuna waliosema bibi yetu ni mjuzi, kwamba mtoto alikuwa ameshachukuliwa na bibi akamrudisha kwa wenyewe, na wakaanza kumsalimia kwa kupunguza mwendo. Kuna waliosema ushirikina wa vikongwe wa kambini nusura uue mtoto. Hadithi ilifika hadi mgahawani kwetu Mikumi, madereva wakaibeba, wengine wakairudisha ikiwa na nyoka ndani yake. Nimelisikiliza shauri hilo likijadiliwa tangu nina miaka tisa, na kitu kinachonichemsha damu hadi leo ni kwamba katika wajuzi wote wa pande zote mbili hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza kwa nini bwawa linalotoza watoto kiingilio halina uzio, halina mwangalizi, halina hata boya la kumtupia mtu. Walikuwa wanajadili kichwa cha bibi yangu. Uzio hauna utamu wa kujadili.

Basi ningekuwa na haki ya kuwasema, kama nisingefanya vilevile.

Mwaka wangu wa pili chuoni tulipewa mada kwamba imani za jadi ni kikwazo cha maendeleo. Nilipangiwa upande wa kuunga mkono. Nilihitaji mfano, na mfano nilikuwa nao nyumbani. Nikasimama nikawapa Chekeche na Kibuyu. Nikawaigizia bibi na kijana wa kipaza sauti, shikamoo, marahaba, zima. Ukumbi ulicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Nikahitimisha: mtoto wa miaka sita amefundishwa asimwitikie mama yake mzazi, je, mnahitaji ushahidi gani tena? Tulishinda. Rafiki yangu alinirekodi, na mimi, kwa furaha, nikamtumia mama.

Mama aliifungua ile video. Hakujibu siku hiyo, wala kesho yake. Siku ya tatu aliandika: Ukija tutaongea.

Nilifika Mikumi mwisho wa muhula. Mama alikuwa uani kwa nyuma, anachagua mchele kwenye ungo kwa ajili ya wateja wa mchana. Nilimpa shikamoo, akaitika, akasogea ili nikae. Tukawa tunachagua wote. Hakunitazama alipoanza.

"Idrisa unajua amepewa jina la nani?"

Nikasema la mjomba, aliyefariki mdogo. Hilo nililijua. Nilikuwa nalijua kama unavyojua jina la babu wa babu.

"Alikuwa na miaka saba. Mimi nilikuwa na mitano." Alitoa kijiwe akakitupa. "Bibi yako alikuwa anafua upande huu, pale walipojenga gati. Mjomba wako alikuwa ng'ambo, anacheza kwenye pampu. Bibi akamaliza kufua, akamwita aje amsaidie kubeba beseni. Akamwita mara moja. Mjomba wako hakuwa mtoto wa kuitwa mara mbili."

Malori yalikuwa yanapita barabarani. Mama alingoja moja lipite.

"Hakuzunguka tuta. Alikatiza majini."

Niliuacha mchele ungoni.

"Mimi nilikuwepo," mama akasema. "Nilikuwa nimekaa juu ya nguo safi. Bibi yako hakuwahi kutuambia kuna jini mle ndani, wala nyoka, wala nini. Hayo tulitunga sisi watoto, tupate la kuogopa. Yeye alisema tu tusiitwe majina yetu majini. Na akiitwa mtu, akae alipo, ashike kitu. Basi."

Nilirudi chumbani nikaitazama ile video mara moja nyingine, bila sauti. Mimi nimesimama, mkono juu, nimependeza. Nilikuwa nimeipangua kwa ufasaha mkubwa hoja ambayo bibi yangu hajawahi kuitoa. Alikuwa amechukua sauti yake mwenyewe, ile iliyoita mara moja, akaitungia sheria ili isimfikie mtoto mwingine. Na siku ile ya Idi pili, watu wote walipokuwa wanamwita Idrisa kutoka ng'ambo ya maji, Idrisa wangu alifanya kile ambacho yule wa kwanza hakuna aliyemfundisha. Alikaa.

Siwezi kusema sheria ile haikuwa na hatari yake. Ilituweka karibu saa nzima katika kifo ambacho hakikuwepo, na mwanamume mmoja alichanwa na chupa mguuni kule chini akimtafuta mtoto aliyekuwa salama. Bado naamini mtoto anapaswa kuambiwa sababu. Ningeambiwa, nisingepiga kelele pale kwenye bembea, hilo najua. Lakini najaribu kumfikiria mwanamke anayekaa na wajukuu wake na kuwaambia sababu hiyo, kwa maneno hayo, na kila nikifika kwenye neno "nilimwita" nashindwa kuendelea mimi, sembuse yeye.

Idi iliyopita tulikwenda tena. Idrisa sasa ana miaka kumi na minane, amenipita kwa kichwa kizima, na anaogelea. Bibi macho yamefifia. Nilikuwa nimeandaa msamaha wangu kama ninavyoandaa mdahalo, hoja tatu na hitimisho, nikaanza nao tukiwa bado njiani. Akanikata.

"Mama yako ameniambia. Ulinisema huko shuleni kwenu."

"Ndiyo, bibi."

"Walicheka?"

"Walicheka."

"Na hicho Kibuyu walikicheka?"

"Sana, bibi."

Alitembea kidogo. "Kinachekesha," akasema, na nikaona bega lake linatikisika.

Tulipopita geti nilianza kutandika mkeka mahali pake pa siku zote. Akasema hapana, nimpeleke kule. Tukamshika, mimi huku na Idrisa huku, mpaka pale ambapo nyasi zinaishia. Tukaketi watatu, tumeelekea maji kama watu wengine. Watoto walikuwa wanakanyaga boti. Pembeni mwa gati siku hizi kuna tairi limefungwa kamba, ndilo boya, na nilikuwa nimeshalikasirikia kwa muda wakati niliposikia bibi anavuta pumzi.

"Idrisa," akasema.

Alilisema taratibu, likaenda juu ya maji kuelekea upande wa pili, kwenye kijumba cha pampu. Mdogo wangu alikuwa amekaa ubavuni kwake kabisa. Aligeuka, midomo imeshafunguka kuitika.

Nikamshika mkono. Akanitazama, kisha akafuata macho ya bibi yalikokuwa yameelekea, akanyamaza. Hakuitwa yeye.